Miaka 2 na miezi 3, hajakaa mwenyewe: kati ya kliniki na kliniki, nyumbani tufanye nini?

MamaPasua, Moshi

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mwongozo kwa wanaolijua jambo hili kwa undani.

Mtoto ni wa kike, miaka 2 na miezi 3. Alizaliwa miezi ikiwa imetimia, akachelewa kulia, akakaa wodi ya watoto wachanga siku 9. Daktari ameandika mtindio wa ubongo, mikono na miguu yote, upande wa kulia mgumu zaidi. Kichwa anakishikilia kama dakika moja kisha kinaangukia mbele. Hakai bila kushikwa. Ukimsimamisha, miguu inapishana kama mkasi na vidole vinaelekea chini. Anacheka, anafuata watu kwa macho, sauti ya baba yake akifungua geti anaijua. Degedege lilikuwepo, sasa anapewa dawa asubuhi na jioni na miezi 4 halijarudi. Uzito kilo 9.2, mzunguko wa mkono wa juu sentimita 13.1 kwenye utepe.

Mazoezi tiba ni mara 1 kila wiki 2, kama dakika 40. Siku nyingine zote yuko nyumbani na dada, muda mwingi amelala chali au amepakatwa.

Ninachouliza ni hiki. Kiti cha kumkalisha tumepigiwa bei ambayo hatuiwezi. Bibi yake anasema tumweke kwenye beseni na mito, jirani anasema tumchimbie shimo uani asimame humo. Kula ni kazi: mlo mmoja saa nzima, anakohoa, hasa kwenye maji na chai. Analishwa akiwa amelazwa mapajani. Mazoezi ya nyumbani yafanyike mara ngapi, na akilia tuendelee au tuache? Na kile kigari cha matairi cha kujifunzia kutembea, tununue?

FundiMaboksi, Majengo

Pole na hongera, mama. Umekuja na kipimo cha mkono. Wengi huja na uzito peke yake.

Naanza na kiti kwa sababu ndicho kinachobeba mengine yote, kula, kucheza, hata kutazama watu. Dakika 40 za kliniki haziwezi kushindana na saa 10 za kulala chali. Beseni liache. Humo mgongo unapinda, makalio yanateleza mbele, magoti yanapanda kifuani na nyayo hazina pa kukanyaga. Shimo nalo linamshika vibaya, lina unyevu, na zaidi ya hapo mtoto anabaki kutazama miguu ya watu badala ya nyuso zao.

Kwa mtoto wa kilo 9 kiti cha maboksi na gundi ya unga kinatosha kabisa, kikitengenezwa kwa subira. Kikikauka sawasawa, mtu mzima anakikalia na hakibonyei.

Vipimo kwanza. Mkalishe kwenye stuli ngumu, mtu mmoja amshike kiunoni, mwingine apime. Paja na mgongo vifanye kona ya mraba, goti kona ya mraba, kisigino kona ya mraba. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha utoe sentimita 2. Hicho ndicho kina cha kiti. Pima upana wa nyonga, ongeza sentimita 2, yaani 1 kila upande. Nyuma ya goti hadi chini ya kisigino ni umbali kati ya kiti na kikanyagio (kama huvaa viatu, pima navyo). Kutoka kwenye kiti hadi kwapani, toa 2, ndiyo kimo cha kuta za pembeni. Kutoka kwenye kiti hadi kwenye kiwiko, ongeza 1, ndiyo kimo cha kimeza. Kwa kuwa kichwa chake bado hakijashika, ubao wa mgongo upande hadi utosini, usiishie mabegani.

Kwa mfano, mtoto mwenye sentimita 21 hadi nyuma ya goti, nyonga 18, mguu 19, kwapa 23 na kiwiko 13: kina kitakuwa 19, upana 20, kikanyagio 19 chini ya kiti, kuta 21, kimeza 14. Wa kwako utaandika mwenyewe. Usikisie kwa kuangalia nguo.

Maboksi tafuta yale magumu ya mafuta ya kula au ya friji. Yaliyolowa hata mara moja usiyachukue. Ukilipasua boksi utaona mawimbi katikati ya karatasi mbili. Hayo mawimbi ndiyo mbao zako. Unapogandisha tabaka juu ya tabaka, la kwanza mawimbi yasimame, la pili yalale, la tatu yasimame. Ukiyaelekeza yote upande mmoja, kiti kitakunjika kwenye mstari wa mawimbi siku ya kwanza. Sehemu ya kukalia tabaka 6, mgongo na kuta tabaka 5.

Gundi: kikombe 1 cha unga wa ngano koroga na kikombe 1 cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka huku ukikoroga. Dakika 3 hadi 5 inakuwa nzito kama uji wa mgonjwa. Pika ya kutosha siku moja au mbili tu. Ikishaanza kuchacha haishiki. Paka nyembamba pande zote mbili. Watu humwaga gundi nyingi wakidhani ndiyo uimara, kumbe yale maji yananasa katikati na ukungu unaanzia ndani.

Tabaka zikishashikana, weka juu ya sakafu tambarare, funika na ubao, pakia matofali au ndoo mbili za maji zilizojaa, usiku mzima. Asubuhi toa, simamisha juani, geuza geuza. Siku 3 hadi 5 za jua kali. Ukiwa na shaka, gonga katikati kwa kifundo cha kidole. Likikavu linajibu kama mlango, ko ko. Likiwa bado bichi linajibu kama godoro. Hilo la pili usilikate.

Kata kwa msumeno wa meno madogo. Unganisha kuta na kiti kwa vijiti vya karatasi (gazeti lililoviringishwa na gundi hadi unene wa kalamu, likakaushwa), pitisha kwenye matundu, kila kiungo vijiti 3 au 4, kisha funika kona kwa vipande vya karatasi ya kaki. Vipande hivyo vichane kwa mkono, usivikate kwa mkasi. Ukingo uliochanika unalala na kushika. Uliokatwa unainuka na kukwaruza paja. Tabaka 3 za karatasi juu ya kiti kizima, kausha, kisha paka vanishi au rangi ya mafuta mara 2 hadi 3, kwa sababu mkojo na uji ndivyo vinavyoua kiti cha maboksi. Sponji ya kukalia ivalishe nailoni kwanza, kitenge juu.

Miguu yake inapishana, kwa hiyo weka kigingi kati ya magoti, upana kama sentimita 8, kwenye ukingo wa mbele wa kiti. Nasema kati ya magoti. Kigingi kikisogea hadi kinenani kinamuumiza na kumkakamaza zaidi. Wala kazi yake si kumzuia asiteleze.

Kinachozuia kuteleza ni mkanda, na hapa ndipo panapoharibika zaidi. Mkanda upite kwenye mkunjo wa paja na nyonga, ukivuta chini na nyuma kwa mshazari, mfano wa mkanda wa gari unavyokaa kwa dereva. Ukiufunga tumboni au kifuani, mtoto atateleza na mkanda utampanda hadi shingoni. Hiyo ni hatari ya kweli, na ndiyo maana hata ukifunga sawasawa hapaswi kuachwa peke yake kitini.

Akiendelea kuteleza, usikaze mkanda. Pima kina upya. Mara nyingi kiti ni kirefu kuliko paja: ukingo unamchoma nyuma ya goti, anasukuma mwili mbele autafutie nafasi. Weka kipande cha sponji ngumu nyuma ya mgongo hadi zile sentimita 2 zirudi.

Siku za mwanzo dakika 10 hadi 15, mara 3 kwa siku, panda taratibu hadi dakika 30. Ukimtoa, mwangalie makalio, mgongo na nyuma ya magoti. Wekundu ambao haujaondoka baada ya nusu saa unakuonyesha mahali pa kurekebisha. Na kabla ya kumkalisha mara ya kwanza, kibebe kiti hicho kliniki, mtaalamu akione mtoto akiwa ndani yake.

TibaKwaVitendo, Moshi

Naunga mkono yote ya kaka fundi. Mimi nitakaa kwenye kula, maana hapo sitaki tusubiri kiti kikauke.

Mama, acheni leo kumlisha akiwa amelala mapajani. Kichwa kikirudi nyuma, njia ya hewa inabaki wazi na chakula kinashuka chenyewe kabla hajajipanga kumeza. Kile kikohozi ni mwili unajitetea. Wapo watoto ambao hawakohoi kabisa na chakula kinaingia mapafuni kimya kimya. Hao utawajua kwa sauti inayokuwa na majimaji baada ya kumeza, macho kulengwa machozi, pumzi kwenda mbio wakati wa mlo, homa na kifua vinavyorudi rudi. Ukiona hayo, au midomo kubadilika rangi, ni hospitali, na useme wazi kwamba inatokea wakati wa kula. Usiposema hivyo utapewa dawa ya kifua na kurudi nyumbani.

Kabla ya kiti: anayelisha akae chini ameegemea ukuta, mtoto akae kwa kukingama kati ya mapaja, paja moja liwe nyuma ya mgongo wake, lingine chini ya magoti yake ili nyonga zikunjike. Mkono wa kushoto wa mlishaji uzunguke mabega na kuyaleta mbele kidogo. Kidevu kiiname kidogo sana, kana kwamba anatazama bakuli. Usimshike kisogo na kukisukuma mbele, atasukuma nyuma kwa nguvu maradufu. Ukisukuma mabega, kichwa kinafuata.

Kijiko kiwe kidogo, cha plastiki ngumu isiyovunjika akikiuma, kisicho na kina. Kije kutoka mbele na chini, usawa wa mdomo. Kijiko kikitokea juu anainua uso, na uso ukiinuka shingo inafunguka. Kiweke katikati ya ulimi, bonyeza kidogo chini, subiri midomo ifunge, kisha kitoe kikiwa kimenyooka. Hapo kwenye kusubiri ndipo watu wanashindwa. Wanapangusa chakula kwenye meno ya juu na kuchomoa, na mdomo haujifunzi kufunga hata siku moja.

Uzito wa chakula: inamisha kijiko. Kidondoke bonge, kisitiririke. Mtori ni chakula kizuri sana kwake lakini nyuzi za nyama zipondwe na kuchujwa, usiwe supu yenye vipande ndani. Vitu viwili kwenye kijiko kimoja, maji na kipande, ndiyo hali ngumu kuliko zote, kwa kuwa maji yanatangulia kooni wakati ulimi bado unahangaika na kipande. Parachichi lililopondwa halihitaji hata kupikwa na lina mafuta mengi. Viazi vitamu, ndizi zilizopondwa na maziwa, maharage yaliyochujwa maganda, uji wa lishe mzito, vyote sawa. Kila bakuli la chakula ongeza kijiko 1 cha mafuta ya kula au cha siagi ya karanga laini. Misuli iliyokakamaa inakula nguvu hata mtoto akiwa ametulia. (Karanga zichague kwa mkono, yenye ukungu au iliyosinyaa itupe, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga.)

Mlo usizidi dakika 30. Baada ya hapo anachoma nguvu nyingi kuliko anazopata na kumeza kunakuwa kwa uzembe. Mgawie milo 5 au 6 midogo. Akimaliza abaki wima nusu saa nyingine.

Maji na chai ndivyo vinavyomkohoza kwa kuwa vinakimbia. Chai iondoe kabisa, isitoshe inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mpe mtindi, uji mwepesi unaobaki umeshika nyuma ya kijiko, papai lililopondwa likalainishwa. Maji yenyewe funda dogo dogo kwa kikombe kilichokatwa: chukua kikombe laini cha plastiki, kata mdomo wake upande mmoja umbo la nusu mwezi, kina kama sentimita 3, lainisha ukingo kwa msasa. Upande uliokatwa ukae puani. Hapo unaona maji yanavyofika mdomoni, na yeye hahitaji kurudisha kichwa nyuma. Chupa ya chuchu na kikombe chenye mdomo wa kunyonya vinamwagia maji nyuma ya ulimi, viache. Na kama hata kwa kikombe hiki bado anakohoa kwenye maji, mwambieni mtaalamu kabla ya kuendelea kumpa.

Kumbana pua, kumkandamiza mikono na kummiminia, hapana, hata siku amegoma. Chakula cha kulazimishwa ndicho kinachokwenda mapafuni, na kesho akiona kijiko tu atakakamaa.

Sentimita 13.1 iko juu ya 12.5, kwa hiyo hajaingia kwenye utapiamlo kwa kipimo hicho, lakini hana akiba. Pima kila mwezi kliniki ya watoto. Ikishuka chini ya 12.5 msingoje tarehe ya mazoezi. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, ni siku hiyo hiyo. Choo kikiwa kigumu, mtoto hataki kula. Angalieni hilo kabla ya kusema amekataa chakula.

Bibi wa Kibosho

Kwetu watoto wa hivi tuliwachua kwa mafuta na kuwavuta viungo asubuhi na jioni hadi vinalegea. Mbona hamsemi kuchua?

FizioSoweto, Moshi

Shikamoo bibi. Kuchua kwa mikono ya joto, taratibu, ni kuzuri, mtoto anatulia na ngozi inapata damu. Kuvuta ndiko kunakotutisha. Mtoto ambaye hajawahi kusimama mifupa yake ni myepesi kuliko ya mwenzake anayekimbia, inaweza kuvunjika mikononi mwa mtu mwenye nia njema kabisa. Halafu msuli wa mtindio ukivutwa ghafla unajibu kwa kujikunja zaidi. Ugumu unatoka kwenye ubongo, unapita kwenye msuli. Mkivutana nao, utawashinda.

Sasa mama, maswali yako ya mazoezi.

Kwanza mfungue mkasi bila kuvuta. Mkunje magoti na nyonga, lete magoti kuelekea tumboni, subiri hadi uhisi yamelegea, ndipo uyatenganishe ukishika juu ya magoti. Ukishika visigino na kutanua, unapambana na msuli mzima. Kila unapobadilisha nepi fanya hivyo na ushikilie sekunde 20 hadi 30, mara 3. Huo tayari ni mzunguko wa mara 5 au 6 kwa siku bila kutenga muda.

Ngumi ya kulia: usichomoe dole gumba kwa kulivuta ncha. Kunja kifundo cha mkono kuelekea ndani, vidole vitalegea vyenyewe, kisha ushike dole gumba kwenye shina lake na ulifungue, halafu urudishe kifundo polepole huku kiganja kikiwa kimekaa juu ya paja lake au juu ya meza.

Kumwinua: asitolewe chali moja kwa moja kwa kwapa, atanyooka kama ubao. Mgeuzie ubavu, kunja magoti, ndipo umwinue akiwa amejikunja. Na mbeleko, mama, ni kifaa kizuri ambacho mnacho tayari. Mgongoni miguu inatanuka, nyonga zinakunjika, mikono inakuja mbele. Khanga ifike hadi nyuma ya magoti, miguu ikumbatie kiuno na isining'inie pamoja chini. Kwa kichwa chake, khanga ya pili ipande hadi kisogoni, na awe mgongoni dakika 20 hivi kwa wakati, akigeuzwa upande wa uso.

Kulala chali kupunguzwe. Alale ubavu, mgongo umeegemea mto, khanga iliyoviringishwa kati ya magoti, mikono yote miwili mbele ya macho yake na kitu cha kugusa. Badilisha upande kila nusu saa. Kulala kifudifudi juu ya taulo lililoviringishwa, unene wa sentimita 10 hivi, likae chini ya kifua, viwiko mbele ya taulo: dakika 3 hadi 5, mara 4 kwa siku, akiwa macho na mtu yupo. Mbele yake, usawa wa macho, akae mtu. Watoto huinua kichwa kutafuta uso, mara chache kwa mwanasesere. Asiwe ametoka kula.

Akilia? Sikiliza kilio. Cha kuchoka au kukasirika, badilisha mchezo, imba, punguza dakika, rudi baadaye. Kilio cha ghafla kinachokuja kila ukigusa kiungo kile kile, au paja moja kutofunguka kama lingine, au mguu mmoja kuonekana mfupi, simamisha na mpeleke. Nyonga za mtoto asiyetembea huchomoka kidogo kidogo bila ajali yoyote. Kwa kuwa ameshavuka miaka 2, muulize daktari habari za picha ya eksirei ya nyonga hata kama halii. Kusimama kwa kufungwa kwenye fremu pia kuna faida kwa mifupa na nyonga, lakini pembe na dakika apange mtaalamu wenu.

Kigari cha matairi, hapana. Anakaa ananing'inia kwenye kitambaa, anasukuma kwa ncha za vidole, na ule ule mkasi na ukakamavu ndivyo anavyovifanyia mazoezi saa nzima. Kisha kinafika kwenye jiko la mkaa kabla hujainuka. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004 hata kwa watoto wasio na tatizo lolote.

Vidole vya mguu vinavyoelekea chini vinaweza kuhitaji vishikizo vya nyayo, yaani vifaa vya kuvaa vinavyoshika unyayo na kifundo vikae sawa. Hapa Moshi hatuna sababu ya kwenda mbali: chuo cha TATCOT kipo ndani ya eneo la hospitali ya KCMC na ndicho kinachofundisha mafundi sanifu wa viungo bandia na vifaa hivyo. Omba rufaa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, iwe KCMC au hospitali ya Mawenzi. Kishikizo kivaliwe juu ya soksi isiyo na mikunjo, kisigino kiguse chini kabisa ndipo ukaze mkanda wa kifundo. Kisigino kikiwa kimeinuka ndani, kishikizo hakifanyi kazi. Kanuni ya wekundu na nusu saa ni ile ile ya fundi.

Dawa ya degedege isikatishwe kwa sababu miezi 4 imepita salama. Kuiacha ghafla ndiko kunakolirudisha, tena kwa nguvu. Likija, mlaze ubavu, msiweke kijiko wala kitambaa mdomoni, tazameni saa. Likizidi dakika 5 ni hospitali.

Mwl_UsaRiver

Nina mambo machache, maana naona wote mmeshughulika na mwili.

Mama amesema anaijua sauti ya geti. Huko ndiko lugha inakoanzia. Lakini kuijua sauti moja si kipimo cha masikio. Mtoto aliyezaliwa kwa shida apimwe usikivu na macho, na kwa aliyepata manjano kali au homa ya uti wa mgongo ndiyo kabisa, kabla mtu hajasema haelewi.

Kila siku mpe kuchagua. Shika vitu viwili halisi, kikombe na ndizi, usawa wa macho, mbali kati yao kama rula moja. Taja kila kimoja mara 1. Kisha nyamaza na uhesabu moyoni hadi 10. Watu hufika 3 wakaanza kusema tena, na kila wakisema mtoto anaanza upya kupanga jibu lake. Akikitazama kimoja, mpe hicho hapo hapo na ukitaje, hata kama ulijua anataka kingine. Macho yake ndiyo mdomo wake kwa sasa.

Onyesheni kitu kabla ya tendo: kijiko kabla ya kula, kopo kabla ya kuoga, khanga kabla ya mbeleko. Kitu kile kile kila siku, na dada wa kazi afanye hivyo hivyo. Semeni naye lugha mnayoizungumza nyumbani. Kama ni Kichaga, ni Kichaga, haimchelewishi.

Kuhusu shule, msingoje afike miaka 6. Ofisi ya elimu maalumu ya halmashauri inaweza kuwaelekeza kwenye upimaji, na huku Arusha tuna Chuo cha Ualimu Patandi kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Tunzeni kadi ya kliniki, barua za daktari na daftari la mazoezi kwenye bahasha moja.

MamaPasua

Asanteni sana, shikamoo bibi. Kikombe nimekata leo. Nimemkalisha kwa kukingama alivyoeleza TibaKwaVitendo, mafunda 6, amekohoa mara 1.

Mawili tu. Daftari la mazoezi liandikwe nini? Na kwa fundi: masika yameanza, jua la siku 5 mfululizo tutalipata wapi?

FizioSoweto

Daftari, kila siku mistari isiyozidi 4, la sivyo mtaliacha wiki ya pili. Dakika alizokaa, dakika za kifudifudi, milo na kukohoa, na jambo moja jipya aliloonyesha. Juu ya ukurasa andikeni lengo la wiki 2 linalohesabika. "Aimarike" halipimiki. Andika "ashikilie kichwa dakika 2 akiwa kitini anatazama mtu". Video ya simu ya sekunde 30 ya kula na ya kukaa, mwonyesheni mtaalamu. Na kliniki msikae pembeni kutazama, mwambieni, "Naomba nifanye mimi, wewe unirekebishe mikono." Dada naye aende, yeye ndiye anayeshinda na mtoto.

FundiMaboksi, Majengo

Mama, wakati wa masika usigandishe tabaka zote 6 kwa mkupuo. Gandisha 2, kausha, ongeza 2, kausha, malizia. Zisimamishe chini ya paa jikoni, hatua 2 kutoka kwenye jiko, juu ya vijiti ili hewa ipite chini, na uzigeuze kila unapochochea moto. Zisiegemee ukuta, ukuta wa masika unatoa maji. Ukikuta doa la kijani lenye harufu, kata kipande hicho chote utupe, usipake gundi juu yake. Itachukua wiki 2 hadi 3 badala ya moja. Vipimo vya mtoto pima tena siku unayokata, si siku unayoanza kugandisha.

MamaPasua

Nimeelewa. Maboksi ya mafuta nimeshaahidiwa 9 dukani, yanatosha?

FundiMaboksi, Majengo

Yanatosha kiti na kuta. Kwa kimeza na kikanyagio ongeza 3.